Mwendo wa Kompyuta Hununuliwa kwa Joto



Siku hizi katika nyumba nyingi za mlimani, toka Machame hata Rombo, utakuta kompyuta ya mezani. Nyingine imenunuliwa kwa fedha za kahawa, nyingine kwa maziwa na ndizi zilizouzwa sokoni, nyingine imeletwa na mtoto afanyaye kazi Arusha au Dar es Salaam. Haikununuliwa kwa mchezo. Kijana wa nyumba huitumia kutengeneza video za arusi, za Komunio ya kwanza na za Kipaimara, au huchapa barua na mitihani ya shule, naye hupata chochote cha kuisaidia nyumba.

Basi, siku moja kijana huyo humwendea baba yake na kusema: "Baba, prosesa ya kompyuta yetu yaweza kukimbia zaidi ya hivi. Naomba ruhusa niiongeze mwendo." Baba asiyelijua jambo hili hujibu neno moja kati ya mawili: "Usiguse!" au "Fanya utakavyo." Majibu yote mawili hayafai. La kwanza humnyima mtoto elimu, na la pili laweza kuinyima nyumba kompyuta yake. Juma hili tulitazame jambo lenyewe, ili baba na mama wajue la kuuliza, na kijana ajue la kujibu.

MAPIGO YA PROSESA

Ndani ya sanduku la kompyuta mna ubao mkubwa ambao mafundi huuita mazabodi. Juu ya ubao huo pamekaa kitu kidogo cha mraba, upana wake karibu na ule wa kiberiti, nacho kimefunikwa kwa chuma cha kupozea na feni. Hicho ndicho prosesa. Hesabu zote za kompyuta hufanyika humo.

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Fikirini msaragambo wa kuchimba mfongo. Watu hujipanga mstari, mmoja huimba, na kwa kila pigo la wimbo majembe yote hushuka pamoja. Prosesa iliyoandikwa gigaherzi 3.6 hupiga mapigo milioni 3,600 katika sekunde moja. Mapigo hayo hupatikana kwa kuzidisha. Ubao una mwendo wa msingi, nao kwa kawaida ni megaherzi 100; prosesa huuzidisha mara 36, ikapata 3,600. Ukikibadili kizidishio hicho kiwe 40, utapata 4,000. Kazi hiyo ya kupandisha mapigo kupita kipimo cha kiwanda ndiyo mafundi waiitayo ovakloki.

Lakini mwimbaji akizidi kuharakisha wimbo, patafika mahali ambapo jembe la mmoja halijashuka bado, na pigo jingine limekwisha kuitwa. Hapo kazi huharibika. Ili wachimbaji waweze kuufuata wimbo, hawana budi kuongezewa nguvu. Katika prosesa nguvu hiyo ni volti. Na kama vile mchimbaji afanyavyo kazi upesi hutoka jasho, ndivyo prosesa itoavyo joto.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Joto halipandi sawasawa na mwendo. Hupanda kwa kadiri ya mwendo, na tena kwa kadiri ya volti iliyozidishwa kwa yenyewe. Chukua kalamu ufanye hesabu. Tuseme umeongeza mwendo kwa sehemu 10 katika 100, na volti kwa sehemu 10 katika 100. Zidisha 1.1 kwa 1.1, kisha tena kwa 1.1. Utapata 1.331. Maana yake, umepata mwendo wa 10 na umelipa joto la 33. Mwendo hununuliwa kwa joto, na bei yake si ndogo.

FAIDA YA ZAMANI NA FAIDA YA LEO

Kijana atasema amesikia habari za watu waliopata faida kubwa. Ni kweli, zilikuwako. Mwaka 1998 kampuni ya Intel iliuza prosesa ya bei nafuu iitwayo Celeron 300A, yenye megaherzi 300. Watu wakagundua kwamba ukiubadili mwendo wa msingi wa ubao kutoka megaherzi 66 hadi 100, nyingi za prosesa hizo zilikwenda megaherzi 450 bila taabu. Hiyo ni nusu nzima zaidi, tena bila fedha yo yote. Sababu ni kwamba kiwanda kilikuwa kimeacha nguvu nyingi ndani yake bila kuitumia.

Siku hizi viwanda haviachi tena akiba kama hiyo. Prosesa ya leo hujipandisha yenyewe ikiona kazi nzito na joto dogo, na ikipata moto hujirudisha chini yenyewe. Kwa hiyo anayeanza leo, mara nyingi atapata sehemu 5 hadi 10 katika 100, basi. Asitazamie kompyuta ya zamani igeuke kuwa mpya.

Tena yafaa tujue kwamba volti ikizidi hata wenye kiwanda huumia. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiharibika polepole kwa sababu ya volti iliyopita kiasi. Kompyuta zilizima zenyewe na programu zilikatika katikati ya kazi. Kampuni ikatoa marekebisho ya bayosi, ile programu ndogo iliyomo katika ubao na kuiamsha kompyuta, ikaongeza na dhamana ya prosesa hizo kwa miaka 2. Lakini prosesa iliyokwisha kuumia haikuponywa na marekebisho hayo. Mwenye prosesa ya namna hiyo na apate kwanza bayosi mpya, wala asifikiri ovakloki kabla ya hapo. Kama wahandisi wa kiwanda walipatwa na jambo hili, mwanafunzi wa kijijini hana budi kuwa mwangalifu zaidi.

MASWALI MATATU YA BABA NA MAMA

La kwanza: Kompyuta hii ni ya nani, na kazi yake nini? Kama ni ya shule, ya parokia, ya chama cha ushirika au ya jirani aliyeileta itengenezwe, jibu ni moja: isiguswe. Prosesa iliyokimbizwa kupita uwezo wake haizimi sikuzote. Mara nyingine hukosea hesabu kimya kimya, na faili huandikwa vibaya bila mtu kujua. Picha ya arusi ikipotea ni hasara. Vitabu vya hesabu za akiba za wanakijiji vikiharibika ni hasara ya watu ambao hawakuulizwa. Kijana na ajifunze kwa kompyuta iliyo yake au ya nyumba yao, akiisha kuweka nakala ya kazi zote katika diski ya nje.

La pili: Je, kompyuta hii yakubali? Nyingi hazikubali. Kompyuta za Dell na HP zilizotumika maofisini ng'ambo, zinazouzwa kwetu kwa bei nafuu, kwa kawaida zimefungwa. Hata ukitafuta kutwa hutaona mahali pa kubadili kizidishio. Kwa prosesa za Intel, tazama herufi ya mwisho ya jina. Ikiwa na K, kama i5-8600K, haikufungwa, lakini yataka pia ubao wa jamii ya Z. Kwa AMD, karibu Ryzen zote za mezani hazikufungwa, ila mbao za jamii ya A, kama A320 na A520, hukataa. Jina la prosesa utaliona ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja katika Windows, ukafungua sehemu ionyeshayo mwendo wa mashine. Na kompyuta ya kupakata, hata kama ingekubali, iacheni. Nafasi yake ya kutolea joto ni ndogo mno.

La tatu: Je, sasa hivi ina joto gani? Kijana asiyeweza kulijibu swali hili kwa nambari bado hajawa tayari.

KWANZA IPOZE

Programu ya HWiNFO haina malipo, nayo huonyesha joto la prosesa kwa nyuzi za sentigredi. Programu ya Cinebench, nayo bila malipo, huipa prosesa kazi nzito na kutoa alama. Endesha Cinebench kwa dakika 10, uandike katika daftari alama ulizopata na joto la juu kabisa. Ikiwa joto ni nyuzi 70 au pungufu, una nafasi. Ikiwa limekwisha kufika 85 au 90 kabla hujagusa kitu, huna nafasi hata kidogo. Kompyuta yataka kusafishwa.

Watu wa tambarare, kwenye joto la Moshi mjini, Kahe na TPC, walijua vumbi. Vumbi hujaa katika mapezi ya chuma cha kupozea mpaka hewa isipite. Na watu wa juu, Kibosho na Marangu, hawana vumbi jingi, lakini moshi wa jiko huingia na kuganda kama nta. Hewa ya mlimani ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo hubeba joto kidogo zaidi. Lakini kila upandapo mita 1,000 baridi huongezeka karibu nyuzi 6, kwa hiyo aliye juu hapotezi kitu. Anayepata taabu ni yule wa chini, hasa kati ya Januari na Machi.

Usafishaji wenyewe ni huu. Zima kompyuta, ng'oa waya wa umeme ukutani, uitoe nje barazani. Ushike pangaboi la feni kwa kidole lisizunguke, upulizie vumbi kwa pampu au ulitoe kwa brashi laini. Kama imepita miaka mingi, toa chuma cha kupozea, ufute pesti kuukuu kwa spiriti safi na kitambaa kisicho na nyuzi, kisha utie pesti mpya kiasi cha punje moja ya njegere. Angalia sana: Ryzen zenye miguu ya sindano chini yake huweza kung'oka pamoja na chuma, zikapinda miguu. Kabla ya kufungua, ipe kompyuta kazi ipate moto, kisha izime, ng'oa waya, na ukizungushe chuma kidogo kidogo, kulia na kushoto, mpaka kiachie.

Ukimaliza, pima tena. Mara nyingi kazi hii peke yake huirudisha kompyuta katika mwendo iliyoupoteza, kwa kuwa prosesa iliyokuwa ikijirudisha chini kwa joto sasa hupumua. Wengi wakifika hapa huona hawana haja ya kwenda mbele.

KUPANDA KWA VITUO

Waongozaji wetu wa Kilimanjaro hawampandishi mgeni kileleni kwa siku moja. Hulala Mandara, mita kama 2,700. Kisha Horombo, kama 3,700. Kisha Kibo, kama 4,700. Ndipo wanapojaribu kilele cha mita 5,895. Na katika kila kituo humtazama mgeni: Je, amekula? Kichwa chamwuma? Akionekana mgonjwa humshusha, hata kama amelipa fedha nyingi. Fanya hivyo hivyo.

Washa kompyuta huku ukibonyeza Del au F2, utaingia katika bayosi. Piga picha kwa simu ya kila ukurasa kabla ya kubadili neno lo lote. Kisha tafuta kizidishio cha prosesa. Kama mwendo wa viini vyote ni 41, weka 42, wala si 46. Weka kumbukumbu, washa, endesha Cinebench dakika 10, tazama joto, andika daftarini. Ikipita salama, ongeza moja tena.

Patafika mahali ambapo kompyuta itajizima, au itaonyesha kioo cha buluu. Hapo una njia mbili. Njia ya amani ni kurudi nyuma kituo kimoja na kukaa hapo. Njia ya pili ni kuongeza volti kwa 0.01 au 0.02 na kujaribu tena. Kwa anayeanza, akiwa na prosesa kama hizo i5 za kizazi cha 8 au Ryzen za kwanza, 1.30 iwe ndio mpaka wake. Kwa prosesa mpya zaidi, asiiguse volti kabisa. Na joto likipita nyuzi 85 katika kazi nzito, rudi chini, hata kama kompyuta yaonekana nzima.

Ukipata kituo cha kukaa, kijaribu kwa programu ya OCCT kwa saa nzima au zaidi. Tena usijaribu asubuhi ya Julai wakati wa ukungu, ukajisifu. Jaribu saa nane mchana mwezi wa Februari, madirisha yakiwa kama yalivyo siku zote. Kompyuta iliyo imara Julai tu haifai kwa kazi.

Ikiwa umezidisha na kompyuta haiwaki kabisa, usilie. Ng'oa waya wa umeme, toa kile kibetri cha duara kilichomo katika ubao, kingoje dakika 5, ukirudishe. Mipango ya kiwanda itarudi. Lakini prosesa iliyounguzwa kwa volti hairudi kwa kibetri, na kiwanda chaweza kukataa kuilipa kwa sababu umepita kipimo chake.

Usisahau pawasaplai, kile chombo cha kugawa umeme ndani ya sanduku. Joto likizidi maana yake umeme unaotumika umezidi, na chombo dhaifu hufa, mara nyingine pamoja na vingine. Umeme wa kwetu hupanda na kushuka, hukatika mvua ikinyesha. Kompyuta isiyo na UPS isiendeshwe ovakloki.

JE, FAIDA YALINGANA NA TAABU?

Tuseme kijana ana video ya arusi ambayo kompyuta huitoa kwa saa 3, yaani dakika 180. Akipata mwendo wa sehemu 10 katika 100, kazi itaisha kwa dakika 164 hivi. Ameokoa robo saa. Mwezi wa Desemba, wakati ndugu zetu wote wanarudi nyumbani kwa Krismasi na arusi zafuatana kila Jumamosi, robo saa kwa kila video si kitu cha kudharau. Lakini Desemba hiyo hiyo ndiyo wakati mbaya kabisa wa kuua kompyuta, maana picha za arusi ya mtu hazipigwi mara ya pili. Mwenye kutaka kujifunza na ajifunze Mei au Juni, kazi zikiwa chache.

Tena kuna njia nyingine ambazo vijana wengi hawazijui, na hazina hatari. Prosesa nyingi za Intel toka mwaka 2011 zina sehemu maalum ya kutengeneza video, iitwayo Quick Sync, isipokuwa zile zenye herufi F mwishoni. Programu nyingi za video huweza kuitumia, lakini yapasa kuichagua wakati wa kutoa video. Kwa kazi nyingi hupunguza muda kuliko ovakloki yo yote, hata katika zile kompyuta za ofisini zilizofungwa. Vilevile mwenye diski ya zamani izungukayo na anunue SSD, na mwenye kijiti kimoja cha RAM na aongeze cha pili cha namna ile ile. Hapo mama mwenye kuchapa mitihani ataona tofauti siku hiyo hiyo, na prosesa haitakuwa imeongezewa hata nyuzi moja ya joto.

Kwa hiyo, wewe mzazi, kijana akija na ombi lake, usimfukuze wala usimwachie tu. Mwambie akuletee daftari. Liwe na jina la prosesa, joto la mchana, alama za Cinebench kabla na baada ya kusafisha, na diski yenye nakala za kazi zote. Akileta hayo, mruhusu, naye apande kituo kimoja kimoja. Asipoleta, mpe brashi akaanze na vumbi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya radi na vyombo vya umeme vya nyumbani.